Uchambuzi: Gesi imeingia jikoni Lubumbashi, mkaguzi amebaki mpakani

LUBUMBASHI — Kijana aliyeniletea mtungi wa kwanza wa gesi nyumbani, hapa Makutano, alimaliza kazi yake kwa dakika chache. Alifunga regulata, akaingiza mpira kwenye jiko, akaubana kwa waya, kisha akatoa kiberiti cha gesi mfukoni na kukipitisha kando ya mpira kutoka juu hadi chini. Alikuwa anatafuta mahali panapovuja. Moto haukushika. "Haina shida, mukubwa," alisema, akachukua pesa yake na kuondoka na pikipiki.

Huo ndio ulikuwa ukaguzi wote ambao gesi ya nyumba yangu ilipata kutoka kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza mtungi ule ni wa mwaka gani, mpira una umri gani, wala jiko liko mbali kiasi gani na dirisha. Simlaumu yule kijana, maana hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemtuma kukagua. Alitumwa kupeleka mtungi.

Katika komini ya Lubumbashi, ile yenye katikati ya jiji pamoja na mitaa kama Makutano, Gambela na Kalubwe, gesi inaingia nyumba baada ya nyumba kwa namna hiyo. Kabla haijafika jikoni, ina watu wengi wa kuihoji: wa forodha, wa ubora wa bidhaa, wa nishati, wa mazingira. Ikishavuka mlango wa jikoni, imebaki mikononi mwa mama anayepika na kijana mwenye kiberiti.

Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya umeme

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito zaidi katika komini hii kuliko kwingine, inabidi kuzitazama nyumba zenyewe. Nyingi za katikati ya jiji zilijengwa wakati umeme ulikuwa jambo la uhakika. Mtambo wa Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930, na baadaye ikafuata Koni, Nzilo na Nseke. Yote ilijengwa kwanza kwa ajili ya shaba, na mji ukapata sehemu yake. Mwaka 1982 laini kubwa kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ikaanza kuleta umeme wa magharibi. Katika nyumba hizo familia ilipikia jiko la umeme na kuoga maji ya boila. Aliyechora jiko la nyumba hakufikiria gesi, kwa hiyo ukutani, chini karibu na sakafu, mara nyingi hakuna tundu la kupitisha hewa.

Leo umeme huo hautoshi. Shirika la umeme, SNEL, linagawanya kidogo lilichonacho kati ya migodi na mitaa, na migodi yenyewe imelazimika kununua umeme kutoka nchi za kusini. Hata huko mambo si mazuri: mwishoni mwa Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, maji ya Kariba yakiwa yameshuka, na mgao mkali wa umeme ukafuata Lusaka na Copperbelt. Kwa mkazi wa Lubumbashi, hesabu hizo zote zinakuja kuonekana saa 12 jioni, sufuria ya bukari ikiwa bado haijachemka na taa zimezimika.

Njia ya zamani ni mbabula na makala. Lakini misitu ya miombo iliyozunguka jiji imekatwa na kusogea mbali, gunia linasafiri njia ndefu zaidi, na bei inafuata. Kwa familia yenye mshahara, mtungi wa gesi umekuwa jibu la busara. Hauna moshi, hauchafui ukuta, na hausubiri SNEL. Sisemi haya kuitisha gesi. Mbabula nayo inaua, hasa katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 na watu wanaiingiza chumbani na kufunga madirisha. Aliyehamia gesi amefanya uamuzi mzuri. Tatizo ni kwamba amehama peke yake.

Macho ya sheria yanaishia wapi

Si kweli kwamba Congo haina sheria. Ofisi ya Udhibiti ya Congo, OCC, ilianzishwa tarehe 10 Januari 1974, enzi za Zaire, na kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia na kutoka, pamoja na ukaguzi wa kiufundi wa vifaa. Sheria namba 15/012 ya tarehe 1 Agosti 2015 inaweka utaratibu wa jumla wa mafuta na gesi, tangu utafutaji hadi usambazaji. Kuna pia amri namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 kuhusu mitambo inayoweza kuhatarisha watu na mazingira, ambayo imerithi kazi ya amri ya kikoloni ya tarehe 12 Februari 1953 kuhusu majengo ya hatari, machafu au yenye usumbufu.

Ukizisoma pamoja unaona jambo moja. Macho ya sheria yanaliona lori pale Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa. Yanaliona bohari, yanaiona stesheni ya mafuta, yanaliona tanki la kampuni. Yanaona kitu kikubwa, chenye mwenyewe anayejulikana, anayeweza kuombwa kibali na kulipishwa ushuru. Jiko la nyumbani ni dogo mno kuonekana. Mtungi mmoja si bohari. Lakini jengo la ghorofa la katikati ya jiji lenye familia kumi na mbili, kila moja na mitungi miwili, mmoja unaotumika na mwingine wa akiba, lina mitungi 24 chini ya paa moja. Muuzaji akiiweka mitungi 24 katika duka moja, kuna mtu atakayekuja kumuuliza kibali. Ikiwa imetawanyika katika majiko kumi na mawili, hakuna anayeihesabu.

Kilo moja inatosha

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaogopa kitu kisicho sahihi. Wanaogopa mtungi utapasuka. Mtungi wa chuma ulio mzima ndiyo sehemu imara kuliko zote katika mfumo huu. Ajali za jikoni kwa kawaida huanzia kwenye vitu vya bei ndogo: mpira, vibano vyake, regulata, na raba ya duara iliyo kati ya regulata na valvu.

Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na msukumo wake ni mkubwa. Propani katika siku ya joto la nyuzi 30 inasukuma kwa nguvu ya takriban mara kumi ya ile ya hewa tunayovuta. Regulata, ambayo wenye kufuata Kifaransa wanaiita detanderi, kazi yake ni kuushusha msukumo huo hadi kiwango kidogo sana, karibu milibari 30, ambacho jiko linaweza kukipokea. Regulata ikiharibika ndani, au ikiwa si ya aina ya valvu iliyo kwenye mtungi, kila kitu kinachofuata kinapokea msukumo ambao hakikutengenezwa kuubeba. Na mitungi inayotokea nchi tofauti inaweza kuwa na valvu tofauti. Fundi anayelazimisha regulata ya aina moja ikae kwenye valvu ya aina nyingine kwa kuongeza kipande cha raba anatengeneza mahali pa kuvuja, hata kama siku ya kwanza hapatoi harufu.

Halafu kuna hesabu ambayo kila mwenye nyumba anaweza kuifanya. Chukua jiko la mita tatu kwa tatu, lenye dari ya mita mbili na sabini. Ni mita za ujazo 24 za hewa. Gesi ya kupikia inaanza kuweza kulipuka ikifikia takriban asilimia 2 ya hewa ya chumba. Asilimia 2 ya hewa hiyo ni chini kidogo ya nusu mita ya ujazo, na gesi ya kiasi hicho inatoka katika kilo moja hivi ya mtungi wa kilo 12. Hiyo ni kama gesi ingejigawa sawasawa chumba kizima. Haifanyi hivyo. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Gesi iliyovuja inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kabati, kwenye tundu la maji, kwenye shimo la mfereji. Kwa hiyo pale chini inaweza kufika kiwango cha hatari mapema zaidi, huku mtu aliyesimama akiisikia harufu kidogo tu. Ndiyo sababu dirisha la juu peke yake halisaidii sana, na ndiyo sababu nyumba zetu zilizojengwa kwa ajili ya umeme, zisizo na tundu la chini, hazikuandaliwa kwa mgeni huyu.

Harufu yenyewe, ile ya yai bovu, ni dawa iliyoongezwa kiwandani, kwa kuwa gesi haina harufu yake. Wapishi wengi wanaizoea. Mtu akisema "mtungi wangu siku zote unanuka kidogo", anaeleza uvujaji kana kwamba ni tabia ya mtungi.

Ukaguzi unaohitajika si wa maabara. Unaanza na macho. Kwenye kola ya mtungi unatakiwa kusomeka uzito wa mtungi mtupu na tarehe ya kutengenezwa au ya kupimwa mara ya mwisho; katika nchi nyingi mtungi hurudishwa kupimwa msukumo kila baada ya miaka kumi au zaidi kidogo. Chini ya mtungi, pale unapogusa sakafu yenye maji, kutu haitakiwi kuwa imekula chuma. Mpira ukiukunja usionyeshe nyufa, usiwe mgumu kama ubao, usipite nyuma ya oveni yenye moto, na uwe umeandikwa tarehe. Mpira wa kawaida hudumu miaka michache tu. Ule wa bustani, unaouzwa sokoni kwa mita na kupendwa kwa sababu ni rahisi, haukutengenezwa kwa gesi, na gesi inauharibu kutoka ndani. Vibano viwe vya chuma vyenye skurubu. Waya unakata mpira polepole.

Kisha sabuni. Maji yenye povu yanapakwa kwenye valvu, kwenye regulata na kwenye ncha mbili za mpira, gesi ikiwa imefunguliwa na jiko limezimwa. Povu likivimba, kuna uvujaji. Kazi ile ile ambayo kijana wangu aliifanya kwa kiberiti, sabuni inaifanya bila kuhatarisha nyusi za mtu. Gharama yake ni kijiko cha sabuni ya unga.

Jambo moja la hapa kwetu, ambalo vitabu vya mafundisho vya nchi za joto hulipita: asubuhi za Juni gesi yenye butani nyingi inakuwa dhaifu, moto unapungua, na mtungi unaonekana umeisha kumbe bado. Watu wanaulaza ubavu, wanautikisa, au wanaumwagia maji yanayochemka. Mtungi uliolazwa unaweza kupeleka kimiminika kwenye regulata badala ya gesi, na moto jikoni ukatoka kama ulimi. Ukiwa dhaifu, uachwe wima.

Mazuti barazani, esansi bafuni

Gesi ni nusu ya habari. Nyumba nyingi za katikati ya jiji zina jenereta, na pale palipo na jenereta pana bidoni. Hapa lugha yenyewe inaleta hatari. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "petroli" anafikiria mafuta ya gari. Hapa Congo, kwa kufuata Kifaransa, petroli ni mafuta ya taa. Ya gari la kawaida ni esansi, na ya lori ni mazuti. Mgeni, au mfanyakazi wa nyumbani aliyekulia upande mwingine wa mpaka, akitumwa kutia petroli kwenye taa anaweza kutia esansi. Bidoni za njano zinafanana zote, na wale wauzaji wa barabarani wanaoitwa Kadhafi hawabandiki jina juu ya chupa.

Mazuti hayashiki moto kirahisi. Esansi inatoa mvuke hata usiku wa baridi, na mvuke huo nao unatambaa chini. Bidoni ya esansi iliyowekwa bafuni "ili watoto wasiifikie" iko katika chumba kidogo, kisicho na hewa, chenye tundu la maji sakafuni. Jenereta yenyewe inafichwa kwenye korido au baraza lililofungwa kwa sababu ya wezi, na moshi wake, wenye monoksidi ya kaboni isiyo na harufu wala rangi, unaingia vyumbani wakati watu wamelala. Gesi hiyo inashika damu mahali pa oksijeni. Aliyevuta anaumwa kichwa, anasikia usingizi, na usingizi huo ndio unaomzuia kutoka nje. Kutia esansi kwenye jenereta ikiwa bado inanguruma ni tabia nyingine ambayo kila mtaa unaijua.

Mkaguzi akibisha hodi

Suluhisho la haraka linalosemwa ni kwamba serikali itume wakaguzi nyumba kwa nyumba. Nina mashaka, na sababu si ya kiufundi. Katika jiji hili mtu mwenye fulana ya ofisi na daftari mkononi anajulikana kama mtu wa kudai pesa. Mfanyabiashara mdogo anajua kuwa ukaguzi mmoja unaweza kuja na ofisi nne tofauti, kila moja na karatasi yake. Mkaguzi wa gesi akianza kubisha hodi Gambela, mama mwenye nyumba atafanya jambo la akili kwa upande wake: ataficha mtungi. Atauweka kabatini, chini ya kitanda, chooni. Ukaguzi uliokusudiwa kuleta usalama utakuwa umeuhamisha mtungi kutoka jikoni kwenda mahali pabaya zaidi.

Kuna somo jingine kutoka Nairobi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka katika yadi moja mtaa wa Mradi, Embakasi, katikati ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 270 walijeruhiwa, na idadi ya waliofariki, iliyoanza kwa watu wachache, iliendelea kupanda siku zilizofuata. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa mara tatu, Machi, Juni na Julai 2023, kwa kutokidhi vigezo, ukiwemo msongamano wa makazi. Yaani karatasi ilikaguliwa, tena mara tatu, na jibu lilikuwa sahihi kila mara. Yadi ikaendelea kufanya kazi. Baada ya mlipuko, maofisa wa mamlaka ya mazingira, NEMA, walisimamishwa kazi.

Nchi yetu nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini, moto ukasambaa hadi kwenye ukumbi ambamo watu walikuwa wakitazama Kombe la Dunia. Waliokufa walizidi 230. Kila ajali ya namna hiyo inaleta ahadi za kudhibiti malori. Jiko la nyumbani halina ajali moja kubwa ya kulipeleka bungeni. Linaunguza familia moja hapa, nyingine pale, na kesho yake majirani wanachanga pesa za dawa.

Nani basi?

Kwa maoni yangu, ukaguzi wa jikoni unapaswa kuwa wa yule ambaye tayari ana sababu ya kuingia jikoni na tayari analipwa: muuzaji. India inatumia njia hiyo kwa upana. Makampuni ya mafuta yanayosambaza mitungi majumbani yanawajibika, kupitia mawakala wao, kutuma fundi kukagua jiko, regulata na mpira kila baada ya miaka kadhaa, na mpira maalumu unaouzwa kwa wateja una muda wa matumizi wa miaka mitano. Tanzania, ambayo Mei 2024 ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, inamtaka muuzaji awe na mizani dukani ili mteja aone uzito wa mtungi wake. Mizani inazuia wizi wa kilo. Lakini mtungi ukishakuwa juu ya mizani, kola yake iko mbele ya macho ya watu wawili, na ni rahisi kuusoma mwaka wake.

Hapa kwetu amri ya mkoa inaweza kusema jambo jepesi: anayepeleka mtungi nyumbani apime kwa sabuni mbele ya mteja, na aandike tarehe kwenye kikaratasi chenye jina la duka. Kijana wa pikipiki akifundishwa siku moja, anaweza. Ofisi za serikali, ambazo ni chache wafanyakazi na nyingi mihuri, zibaki na kazi ya kumkagua muuzaji: ana mpira wa aina gani, mitungi yake ina miaka mingapi, vijana wake wamefundishwa na nani. Kukagua wauzaji wa komini moja ni kazi inayowezekana. Kukagua kila jiko lake ni ndoto, na ni mlango wa rushwa.

Wa pili ni mwenye nyumba. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji ni ya wapangaji, na kila mpangaji anaijua siku ile ya kukabidhiwa ufunguo: mnatembea chumba kwa chumba, mnaandika bomba linalovuja, kioo kilichopasuka, soketi iliyoungua, halafu mnaweka saini. Gesi haimo katika orodha hiyo. Uingereza, kanuni za mwaka 1998 zinamlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha kuleta fundi aliyesajiliwa kukagua gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala. Hatuna mafundi waliosajiliwa wa kutosha kuiga hilo neno kwa neno. Tundu la hewa chini ya ukuta wa jiko, hata hivyo, halihitaji fundi wa gesi. Linahitaji mwashi, nusu siku, na wavu wa kuzuia panya. Mpangaji hana ruhusa ya kutoboa ukuta usio wake, kwa hiyo hilo ni la mwenye nyumba peke yake, na mahali pake ni kwenye karatasi ile ya makabidhiano.

Komini ina nafasi ndogo lakini ya kweli. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilizifanya komini kuwa mamlaka zenye utu wa kisheria na baraza lake, na Desemba 2023 wapiga kura wa miji mikuu ya mikoa walichagua madiwani wa komini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Burugumesta na baraza lake hawawezi kutunga sheria ya hidrokaboni. Wanaweza kuamua kwamba mitungi ya jengo la ghorofa ikae nje kwenye kizimba chenye kufuli badala ya ngazini, na wanaweza kuwatumia wakuu wa mitaa kusema mambo matatu manne kabla ya baridi kuanza.

Pingamizi ninalolisikia ni la bei. Muuzaji akilazimishwa kuuza mpira mzuri na vibano vya chuma, gharama ya kuanza inapanda, na mwenye kipato kidogo atarudi kwenye makala. Ni pingamizi zito. Ningelijibu kwa kutazama bei ya vitu vyenyewe: mtungi na jiko ndivyo vinavyokula pesa. Mpira na vibano viwili ni sehemu ndogo ya ununuzi wa kwanza, na havibadilishwi kila mwezi. Serikali ikitaka kusaidia, iondoe ushuru kwenye vifaa hivyo vidogo kabla ya kufikiria ruzuku ya gesi yenyewe.

Kuna swali moja gumu zaidi, la mitungi ya zamani isiyo na tarehe inayosomeka. Ikikataliwa ghafla, yule aliyeinunua kwa pesa yake ndiye atakayepata hasara, wakati aliyeiingiza nchini ameshauza na kuondoka. Kenya, ilipolazimisha valvu ya aina moja kwa kanuni za mwaka 2009, iliingia pia katika mfumo wa kubadilishana mitungi kati ya makampuni, na miaka kumi baadaye ikaufuta ulazima huo kwa sababu kampuni moja ilikuwa inabeba gharama ya kutunza mitungi ya nyingine, na wajazaji wa magendo wakapata mwanya. Lubumbashi haina haja ya kurudia safari hiyo yote. Ianze na kuandika: duka lililouza mtungi liandike namba yake, ili siku ukirudi umechakaa ijulikane nani wa kuulizwa.

Yule kijana wa pikipiki alirudi mwezi uliofuata na mtungi wa pili. Safari hii nilikuwa nimenunua vibano viwili vya skurubu, na nilikuwa na bakuli la povu mezani. Alicheka, kisha akachukua sifongo na kupaka mwenyewe. Kwenye valvu palivimba mapovu madogo, mfululizo, kama pumzi ya samaki. Akafungua regulata, akatoa raba iliyokuwa imepasuka, akatafuta nyingine kwenye mfuko wa koti lake. Tulipogeuza kola kutafuta mwaka wa mtungi, tulikuta rangi mpya ya bluu imepakwa juu ya namba zote. Aliahidi kuniletea mwingine. Bado namsubiri.